Funimation Ilikwenda Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Tulipotaja kwa mistari miwili tu kwamba Funimation, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikionyesha anime (katuni za Kijapani), ilishafungwa, hatukujua kuwa Tanga ina wapenzi wa anime wengi kiasi hiki. Barua zinazofanana tumeziunganisha, na zile za matusi kati ya mashabiki wa Goku na mashabiki wa Naruto, wahusika wawili wa anime, tumeziweka kando.

Wahariri, salamu nyingi. Hapa kijiweni kwetu Ngamiani, Barabara ya Nane, tumegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza linasema Funimation ilifilisika. La pili linasema Crunchyroll, ile huduma nyingine ya anime, iliinunua. La tatu linasema Sony ndiyo iliyoiua. Soda zimeshawekwa, tunasubiri jibu. — Wana kijiwe, Ngamiani

Ndugu zetu, kundi la kwanza lilipe soda. La pili limegeuza mambo kichwa chini miguu juu. La tatu ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, ingawa neno "kuua" ni kali kidogo.

Tuanze mbali. Kampuni ya Funimation ilianzishwa mwaka 1994 na Gen Fukunaga pamoja na mkewe, Cindy, na muda si mrefu ikaweka makazi Texas. Mjomba wake Fukunaga alikuwa mtayarishaji katika kampuni ya Toei ya Japani, na kwa mlango huo ndipo haki za katuni ya Dragon Ball zilipopatikana. Jaribio la kwanza la kuitia Kiingereza, mwaka 1995, liliishia kwenye episodi 13. Mwaka uliofuata wakaingia Dragon Ball Z, ikasimama tena mwaka 1998 baada ya episodi 53 kwa kukosa vituo vya kutosha vya kuirusha. Kilichowaokoa ni kipindi cha Toonami cha kituo cha televisheni cha Cartoon Network, kilichoanza kuirusha mwaka huohuo wa 1998. Watoto wa Marekani wakaivamia, na mwaka 1999 Funimation ikaendelea na kazi kwa waigizaji wake yenyewe wa sauti wa Texas, si wale wa Vancouver, Kanada, waliotumika mwanzo.

Tukae hapo kidogo, maana barua nyingine kutoka Makorora imeuliza kwa nini kwenye flashi ya Dragon Ball Z sauti za watu hubadilika ghafla na namba za episodi hazilingani. Sababu ni hiyohiyo. Episodi 67 za Kijapani zilikatwakatwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani zikabaki 53. Kwa hiyo episodi ya 54 kwenye hesabu ya Kimarekani ni ya 68 kwenye hesabu ya Kijapani, na hapo ndipo sauti mpya zinapoingia. Ukichanganya mafaili kutoka sehemu mbili utarudia vipande vingine na kuruka vingine bila kujua.

Mwaka 2005 kampuni ya Navarre iliinunua Funimation kwa takriban dola milioni 100 taslimu, na hisa juu yake. Mwaka 2011 Navarre hiyohiyo iliiuza kwa dola milioni 24 tu, kwa kundi la wawekezaji ambalo Fukunaga mwenyewe alikuwamo. Biashara ya DVD ilikuwa imeporomoka, na aliyeuza aliona anauza maktaba ya diski. Mwaka 2017 Sony ikalipa dola milioni 143 kwa asilimia 95 ya kampuni ileile. Navarre watakuwa waliuma vidole. Kati ya miaka hiyo miwili, anime ilikuwa imehama kutoka kwenye diski kwenda kwenye intaneti.

Huduma yake ya kutazama anime mtandaoni, iliyofahamika kama FunimationNow, ilizinduliwa mwanzoni mwa 2016. Mnamo Septemba mwaka huo Funimation na Crunchyroll wakakubaliana kugawana soko: Funimation ionyeshe matoleo yenye sauti za Kiingereza, Crunchyroll ionyeshe yenye sauti za Kijapani na maandishi ya chini, na kila mmoja amkopeshe mwenzake. Mpango ulikuwa mzuri kwa mtazamaji, lakini ulidumu miaka miwili tu. Sony ikishakuwa mwenye Funimation, na AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, ikishakuwa mwenye Crunchyroll, hakuna aliyetaka kumlisha mshindani. Mkataba ukaisha Novemba 2018.

Halafu AT&T, iliyokuwa imelemewa na madeni, ikaamua kuuza. Mnamo Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Crunchyroll itanunuliwa kwa dola bilioni 1.175, na baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuukagua mpango huo kwa miezi, ununuzi ukakamilika tarehe 9 Agosti 2021. Kundi la pili lisikilize hapa: mnunuzi kwenye makaratasi alikuwa Funimation Global Group, kampuni ya Sony. Yaani Funimation ndiyo iliyoinunua Crunchyroll, kisha ikajivua jina lake ikavaa la aliyenunuliwa!

Kwa nini? Kwa sababu ya ramani. Wakati mpango unatangazwa, Crunchyroll ilikuwa na watu zaidi ya milioni 90 waliojiandikisha na zaidi ya milioni 3 wanaolipa, katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Funimation ilikuwa inafunguka katika nchi chache: Marekani, Kanada, Uingereza, Australia, Brazili, Meksiko na nyingine za kuhesabu. Kuendesha programu mbili, seva mbili na timu mbili za wahudumu kwa bidhaa zinazofanana ni hasara, na jina linalojulikana pembe zote za dunia ndilo lililobaki. Tarehe 1 Machi 2022 ikatangazwa kwamba anime mpya zitakwenda Crunchyroll. Huduma nyingine mbili za nyumba hiyo, VRV na Wakanim, zilizimwa kabla mwaka 2023 haujaisha. Funimation yenyewe ikazimwa tarehe 2 Aprili 2024.

Shikamooni wahariri. Kaka yangu yuko Marekani, alinitumia DVD na Blu-ray za Funimation. Ndani kuna karatasi yenye namba ya kupata nakala ya kidijitali. Naiingiza wapi siku hizi? Na mbona DVD zenyewe deki inazikataa? — Msomaji wa Chumbageni

Marahaba. Karatasi hiyo sasa ni ya kuwashia jiko. Nakala za kidijitali zilikuwa zikikaa kwenye akaunti ya Funimation, na mwanzoni mwa 2024 Crunchyroll ilieleza wazi kwamba nakala hizo hazitahamishwa. Waliokuwa wameshaziingiza walizipoteza pia, jambo lililozua kelele kubwa, kwani watu walielewa wamenunua kitu cha kudumu. Rahul Purini, rais wa Crunchyroll, alisema wakati huo kwamba kampuni inawashughulikia wateja mmojammoja ili wapate thamani inayofaa. Hiyo inamhusu mwenye akaunti, si mwenye karatasi ambayo haijawahi kutumika. Na ukikuta mtu anauza namba hizo mtandaoni, anakuuzia hewa.

Sasa diski. Hizo ndizo mali halisi uliyonayo, zitunze. Deki inazikataa kwa sababu dunia ya DVD imegawanywa kwa kanda. Diski za Marekani ni kanda ya 1, na Tanzania tumo kanda ya 5. Geuza kasha uangalie nyuma: utaona alama ya dunia yenye namba ndani. Kwa Blu-ray zinatumika herufi, ambapo Marekani ni A na Afrika ni B. Baadhi ya makasha ya Funimation yana A na B pamoja, hayo hayana shida kwenye deki ya kanda yetu.

Deki nyingi za bei nafuu kutoka China zinasoma kanda zote, kwa hiyo kabla ya kununua nyingine azima ya jirani ujaribu. Kama unatumia kompyuta, kuwa mwangalifu. Kiendeshi cha DVD kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, na mara ya tano ndiyo inayobaki milele. Watu huhama kutoka 5 kwenda 1, wakarudi 5 kwa ajili ya diski nyingine, wakaenda 1 tena, na kabla hawajajua wamefungiwa. Kama diski zako nyingi ni za Marekani, weka 1 uiache hapo.

Kuna tatizo la pili ambalo watu hulichanganya na hili. Diski inakubali, ila picha kwenye luninga ya chogo inapanda kama inaviringika au inatoka nyeusi na nyeupe. Hiyo si kanda. DVD za Marekani zimerekodiwa kwa mfumo wa NTSC, na chogo za zamani zetu ni za PAL. Ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya mfumo wa televisheni, chagua PAL badala ya AUTO, na deki itageuza yenyewe. Luninga bapa hazina ugomvi huu.

Kwa hali ya hewa yetu ya pwani, diski zisimame wima ndani ya makasha yake, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Ikichafuka, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia kwa mshazari hufuta vipande vidogo ambavyo deki inaweza kuvijaza yenyewe, lakini mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta mfululizo mrefu na hapo picha inaganda.

Kama Funimation na Crunchyroll zimeungana, mbona anime nyingine zilizokuwa Funimation sizioni Crunchyroll? Nilidhani kuungana ni kuweka vyote kwenye kapu moja. — Mwanafunzi, Usagara

Mdogo wetu, Funimation haikuwa mwenye anime nyingi ilizoonyesha. Anime ya televisheni kwa kawaida humilikiwa na kamati ya uzalishaji, yaani kampuni kadhaa zilizochangia fedha: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, ya vikaragosi, na wakati mwingine studio iliyochora, ingawa mara nyingi studio hulipwa ujira tu na haina hisa. Kamati hiyo hukodisha haki kwa vipande. Kipande cha kwanza ni nchi, cha pili lugha, cha tatu aina ya matumizi, kwa kuwa kutiririsha (kuonyesha kupitia mtandao) ni kitu kimoja, diski ni kingine na televisheni ni kingine. Cha nne ni muda.

Kwa hiyo Funimation iliweza kuwa na haki ya kutiririsha anime fulani Marekani na Kanada tu, kwa miaka kadhaa. Mkataba ukikaribia kuisha wakati wa kuhama, kampuni inajiuliza kama anime hiyo ya zamani italipa gharama ya kusaini upya, kutengeneza mafaili upya kwa mfumo wa seva nyingine na kupanga upya maandishi ya chini. Kama jibu ni hapana, inaachwa. Na hata iliyohama yaweza kuonekana Texas isionekane Tanga, maana haki ya Afrika haikuwamo kwenye mkataba wa mwanzo.

Ndiyo maana pia waliotuuliza kwa nini Funimation haikuwahi kufunguka hapa kwetu hawakuwa na tatizo la simu. Haikuwa imefunguliwa kwa Tanzania. Wengi walioiona waliiona kupitia VPN, yaani programu ya kuficha uko nchi gani, njia ambayo masharti ya huduma hizi huikataza na ambayo huganda kila namba za seva zikifungiwa.

Zaidi ya hizo mlizotaja, ni huduma gani nyingine ya anime iliyokufa kwa namna ya ajabu? — Msomaji, Muheza

Kwetu sisi ni Daisuki. Ilizinduliwa Mei 2013, na nyuma yake walikuwa wenye mali wenyewe, yaani kampuni za anime za Japani: Toei Animation, Aniplex, Sunrise, TMS Entertainment, pamoja na kampuni za matangazo za Asatsu-DK na Dentsu. Baadaye ikaingia chini ya Anime Consortium Japan, iliyopata pia fedha za Cool Japan Fund, mfuko unaoungwa mkono na serikali ya Japani. Ungetegemea kwamba mtu mwenye shamba akifungua genge lake hakuna wa kumshinda. Daisuki ilifungwa tarehe 31 Oktoba 2017, miezi michache baada ya Bandai Namco kuichukua kampuni hiyo yote.

Ilikuwa na One Punch Man mwaka 2015, jambo lisilo dogo, na ikaonyesha Dragon Ball Super sambamba na Japani. Ila kwa maoni yetu ilishindwa pale ambapo wenye mali hawakuacha kuwauzia wengine. Kampuni zilezile zilizokuwa na hisa Daisuki ziliendelea kuikodishia Crunchyroll na Funimation, kwa sababu ada ya leseni inalipwa mapema na ni ya uhakika, wakati genge lako mwenyewe linahitaji miaka ya kusubiri. Mtazamaji naye alikuta anime chache kuliko kwingineko, na nyingine zimefungiwa nchini kwake.

Crunchyroll yenyewe, kwa wasiojua, ilianza mwaka 2006 kama mahali ambapo mashabiki walipakia anime bila ruhusa ya mtu. Iligeuka kuwa halali mwezi Januari 2009, ilipopata Naruto Shippuden kutoka TV Tokyo na kuanza kuondoa vilivyopakiwa kiholela. Aliyeanza kwa kuchukua bila ruhusa yuko hai, na aliyekuwa mwenye mali kafunga. Watafiti wa biashara watuambie wenyewe hapo.

Ya Amazon tuipitie haraka. Anime Strike ilianza Januari 2017 Marekani, ikidai dola 4.99 kwa mwezi juu ya ada ya Prime, uanachama wa Amazon, ambayo mteja alikuwa ameshalipa. Watu wakakataa kulipa kiingilio mara mbili. Ilifutwa Januari 2018 na anime zake zikarudishwa ndani ya Prime.

Nimenunua kishikwambi cha mtumba, kina alama ya Funimation. Nikiigusa inazunguka tu kisha inaleta kosa. Fundi ameniambia kuna toleo la kupakua pembeni ambalo bado linafanya kazi. Nifuate ushauri wake? — Mama wa watoto watatu, Raskazone

Hapana mama, usifuate. Programu ya kutiririsha haina anime ndani yake, ni dirisha tu la kuchungulia seva. Seva za Funimation zilizimwa, kwa hiyo hakuna toleo lolote, la zamani wala lililochezewa, linaloweza kuzifufua. Faili linaloitwa Funimation na kuonyesha video leo linazitoa kwingine, na aliyelitengeneza ana lake jambo.

Kwenye mafaili ya namna hiyo angalia linaomba ruhusa gani. Programu ya video haina haja ya kusoma ujumbe mfupi wala kutumia zana za ufikivu (Accessibility). Ruhusa ya kwanza inampa mwenye faili namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu yako, pamoja na ujumbe wa pesa za mtandao. Ya pili inamwezesha kuona kila unachobonyeza. Kama umeshaliweka, liondolee ruhusa hizo kwanza, kisha lifute, kisha ubadilishe namba ya siri ya akaunti ya pesa ukitumia simu nyingine.

Kuhusu kishikwambi chenyewe, kuwapo kwa Funimation kunaonyesha hakikusafishwa tangu kwa mwenye awali. Fungua Mipangilio, sehemu ya akaunti, uone kama kuna barua pepe ya mtu usiyemjua. Iondoe hapo kwanza, halafu ndipo urejeshe kifaa katika hali ya kiwandani ukiwa ndani ya Mipangilio hiyohiyo. Kuna mafundi wanaokimbilia kubonyeza vitufe vya pembeni kufuta kila kitu wakati akaunti ya zamani bado imo. Kikiwaka kitadai nywila ya mwenye awali kabla ya kukuruhusu kuingia, nawe huna. Ikiwa akaunti inakataa kutoka kwa sababu inataka nywila, mrudishie muuzaji kifaa mapema.

Bando langu linakwisha kabla ya msimu kwisha. Episodi moja inakula kiasi gani hasa? — Msomaji, Pongwe

Episodi ya kawaida ni dakika 24, yaani sekunde 1,440. Kasi ya video hupimwa kwa megabiti, na megabaiti moja ina megabiti 8. Gawa 1,440 kwa 8 unapata 180. Kwa hiyo kila megabiti 1 ya kasi kwa sekunde inakugharimu MB 180 kwa episodi. Video ya megabiti 1.5, ambayo ni kawaida kwa ubora wa 480, inakula MB 270. Ya megabiti 5, ambayo ni kawaida kwa 1080, inakula MB 900. Kwa msimu wa episodi 12 hiyo ni tofauti kati ya GB 3.24 na GB 10.8.

Kinachowamaliza wengi ni kuacha ubora kwenye hali ya kujichagulia. Usiku wa manane mtandao ukiwa mtupu, programu inapanda yenyewe hadi juu na kumeza bando lako ukiwa unatazama kwenye kioo cha inchi 6 ambapo hata huoni faida. Weka 480 kwa mkono. Anime huvumilia ubora mdogo kuliko filamu za watu, kwa sababu sehemu kubwa ya picha ni rangi tulivu isiyobadilika. Utakapoona tofauti ni kwenye theluji, cheche na maua yanayopeperuka, picha inavunjika vigae. Pia anga la usiku linatoka michirizi badala ya kufifia polepole.

Kama ngazi unayolipia inaruhusu kupakua, pakua ukiwa kwenye Wi-Fi. Lakini kilichopakuliwa kina kufuli, na kufuli hiyo huhitaji kuthibitishwa upya mtandaoni kila baada ya muda. Kabla ya kupanda basi la Lushoto, zima data, fungua episodi moja ya kwanza na moja ya mwisho. Zikikataa, washa data dakika moja programu izungumze na seva, kisha jaribu tena.

Na kama unalipa kwa kadi pepe ya mtandao wa simu, acha salio lizidi kidogo bei iliyoandikwa. Dola inabadilika thamani, na malipo ya mwezi wa pili yanakataliwa kwa upungufu wa shilingi mia chache. Ukitaka kuacha, futa malipo palepale ulipojiandikishia, iwe duka la programu au tovuti. Kufuta programu kwenye simu hakuzuii makato.

Episodi mpya za Japani zinatoka saa ngapi kwa saa zetu? Kila mtu ananipa hesabu yake. — Msomaji, Sahare

Hapa tuna bahati ambayo Mmarekani hana. Japani iko mbele yetu saa 6, na saa yetu ya Kiswahili nayo imepishana saa 6 na ile ya kimataifa. Hizo mbili zikijumlishwa zinafika 12, kwa hiyo mishale inasomeka namba ileile. Kipindi kinachorushwa Tokyo saa tano kamili usiku kwa hesabu yetu, ambako wao husema saa 11 usiku, kwetu ni saa 11 jioni. Kinachorushwa 1:30 usiku wa manane kwao, kwetu ni saa 1:30 jioni. Hakuna nchi kati ya hizi mbili inayosogeza saa kwa majira, kwa hiyo kanuni hii haibadiliki mwaka mzima.

Mtego uko kwenye siku. Ratiba za Japani huandika Jumamosi saa 25:30, wakimaanisha saa 1:30 ya usiku ule baada ya Jumamosi kwisha. Kwetu hiyo ni Jumamosi hiyohiyo jioni, si Jumapili. Halafu ongeza muda kidogo, maana huduma nyingi huweka episodi baada ya kurushwa hewani, si dakika ileile. Matoleo yenye sauti za Kiingereza huja baadaye zaidi, mara nyingi kwa wiki kadhaa.

Nina kibanda umiza huku Mikanjuni. Nimelipia huduma ya anime kwa mwezi, nataka kuonyesha vijana kwa kiingilio kidogo. Projekta inatoa sauti lakini picha ni nyeusi. Tatizo ni nini? — Mwenye kibanda

Kaka, una matatizo mawili. La picha ni hili: video za huduma hizi zinalindwa kwa kufuli inayotaka kila kifaa kwenye mnyororo kijitambulishe, kuanzia kompyuta hadi projekta, kupitia waya wa HDMI. Kimoja kisipojibu, picha inazuiwa na sauti inapita. Projekta yenye tundu la VGA pekee haiwezi kujibu kabisa, na vigeuzi vya bei rahisi vya HDMI kwenda VGA mara nyingi ndivyo vinavyokata mawasiliano. Chomeka luninga bapa moja kwa moja kwa waya wa HDMI bila kigeuzi chochote katikati. Picha ikitokea, umejua mkosaji.

La pili ni kubwa kuliko waya. Malipo uliyofanya ni ya kutazama nyumbani. Masharti ya huduma hizi hukataza kuonyesha hadharani kwa kiingilio, hata kiwe shilingi mia mbili, na akaunti inaweza kufungwa bila kurudishiwa pesa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inahesabu maonyesho ya hadhara kuwa haki ya peke yake ya mwenye kazi. Kibanda chenyewe kinapaswa kuwa na kibali upande wa Bodi ya Filamu, na kuhusu haki za maudhui wa kuuliza ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Nenda kwanza kwa afisa utamaduni wa Jiji, yeye hukuelekeza fomu zipi zianze. Mpira na filamu za nyumbani zina njia za kupata ruhusa ambazo wenzako wameshazipita. Kwa anime, ruhusa ya maonyesho ya hadhara inaombwa kwa mwenye leseni wa eneo hili, anime kwa anime, na hadi upate maandishi mkononi usitangaze kiingilio.